Trekta Lisiloazimika

Bwana Shamba alikuwa anasalimia ardhi kwanza, watu baadaye. Ukimkaribisha nyumbani anasimama pale getini, anakanyaga udongo kwa kisigino, anatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali, ndipo anapiga hodi. Wageni walidhani mguu wake una matatizo. Sisi majirani zake wa Kashaulili, hapa Mpanda, tulishazoea. Alistaafu ubwana shamba kabla sijafungua duka langu la vipuri, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina jingine. Hata padre akimtaja kwenye matangazo alisema Bwana Shamba tu, na kanisa zima likajua ni nani.

Dukani kwangu alikuwa na kiti chake, ndoo tupu ya grisi iliyogeuzwa juu chini. Aliikalia kwa heshima zote, mgongo wima, kofia juu ya goti. Asubuhi alikuja kusoma gazeti la jana, akisema kwamba habari za leo bado hazijathibitishwa. Mteja akiingia kutafuta bearingi au mkanda wa mashine, Bwana Shamba alimuuliza amepanda nini mwaka huu, na lini, na kwa nafasi gani, mpaka mteja akasahau kilichomleta. Nilipoteza wateja kwa sababu yake. Nilimpenda hivyo hivyo, kama baba mdogo ambaye huwezi kumchagua na huwezi kumrudisha.

Baada ya kustaafu alianza kazi ya kutunza viwanja vya watu. Parokia, shule ya wasichana, hospitali, nyumba za wageni za barabara ya uwanja wa ndege, wote walimwachia nyasi zao, maua yao na mitaro yao. Aliajiri akina mama wenye mafyekeo, wakawa wanazunguka mji kama kwaya. Kiangazi kazi ilikwenda vizuri. Mvua zikianza, nyasi za Mpanda hazina mchezo. Unamaliza kufyeka upande wa hospitali, ukigeuka upande wa parokia nyoka ameshahamia. Ndipo akaamua kutafuta trekta dogo, la kukata nyasi, kusawazisha uwanja, kuvuta tela la mbolea na kubeba udongo wa moramu. Katika muda aliotumia kulichagua, binti yangu Neema alimaliza shule, akachumbiwa, akaolewa.

Sitaki mfikiri alikuwa mzembe. Alichagua kwa bidii. Alikuwa na kamba yenye mafundo, akazunguka nayo mji mzima akipima mageti ya wateja wake, nafasi kati ya miti ya shule na njia za katikati ya makaburi ya parokia, maana trekta lisilopita kati ya makaburi, alisema, litakuja kumlaza mtu mara ya pili. Walinzi wa hospitali walipomwona anapima mlango wa nyuma, ule unaoelekea chumba cha maiti, walimpa pole ya msiba. Aliipokea. Hakuona sababu ya kuwakatisha tamaa.

Alijua kila kitu kinachotakiwa kujulikana. Alinieleza pale juu ya ndoo kwamba nguvu nyingi ya injini si hoja kwa kazi ya viwanja, hoja ni uzito, maana trekta zito linaacha makovu kwenye nyasi. Liwe na uwezo wa kukata kona fupi. Kisu cha nyasi kiwe chini ya tumbo lake, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, ili dereva aone anachokata. Matairi yawe laini, yale ya bustani, yasiyochimba. Vipuri vipatikane kwa Mama Neema, yaani mimi, asije akasubiri mkanda wa feni kutoka Dar wakati nyasi zimeshafika madirishani. Nilikubaliana naye kwa yote, hasa hilo la mwisho.

Sharti moja hakulisema hadharani. Alitaka trekta ambalo ndugu zake hawawezi kuliazima.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu, maana mtu wa mji mkubwa hataelewa. Huku kwetu ukinunua gari, watu wanakupongeza. Ukinunua trekta, watu wanakupangia ratiba. Mvua za kwanza zikigonga bati, trekta lako linaanzia kwa wakwe, kwa sababu wakwe hawasubiri. Kisha linakwenda kwa dada, kwa kaka, kwa binamu, kwa msimamizi wako wa ndoa, na likibakia hai linafika shambani kwako msimu ukiwa umekwisha. Huwezi kusema hapana. Ukisema, utazikwa na majirani.

Na Bwana Shamba, pamoja na ukali wake wote, hakuwa na hapana mdomoni. Miaka yote ya utumishi aliwahubiria wakulima kwamba kazi ni kazi na undugu ni undugu, msichanganye, chombo cha kazi hakiazimwi. Alilihubiri hilo akiwa ameazimisha baiskeli yake ya serikali. Mtu akimwomba kitu alisema, "Tutaangalia." Alidhani amekataa. Mji mzima ulijua kwamba tutaangalia ya Bwana Shamba ni ndiyo ambayo haijavaa viatu, na mwombaji alienda moja kwa moja stoo kuchukua alichoomba. Alichokuwa anatafuta ni mashine itakayosema hapana kwa niaba yake.

Ilishamtokea mara moja. Mafao yake ya kustaafu aliyatia kwenye trekta kubwa la mtumba, la bluu, lenye kishindo kilichosikika kabla halijakata kona. Siku lilipoingia Mpanda tulilishangilia. Msimu ule likaenda Kasekese kwa wakwe, likalima kwa baba mkwe na kwa ndugu wote wa baba mkwe. Likarudi likiwa linakohoa. Kisha likaenda Kibaoni kwa kaka yake.

Kaka yake alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa mazito. Shamba lake liko bondeni, udongo mweusi unaonata. Bwana Shamba alikanyaga kwa kisigino akasema bado pamelowa mno, tusubiri. Kaka akasema mvua haisubiri mtu aliyesoma. Trekta likaingia, likazama mpaka ekseli. Wakaleta ng'ombe wa jirani na minyororo, wakafunga mahali ambapo hapakutakiwa kufungwa, wakavuta wote kwa pamoja kwa moyo mmoja, na gia boksi ikapasuka. Trekta likabaki pale pale. Mpunga ukapandwa kwa mkono, ukaota, ukalizunguka, na kuku wakataga kwenye kiti cha dereva.

Wangeweza kuyamaliza. Lakini kwenye harusi ya ndugu yao mmoja, kaka mtu aliposimama kutoa nasaha, alisema mbele ya watu kwamba mdogo wake aliwaletea banda la kuku lenye usukani. Watu walicheka sana. Bwana Shamba naye alicheka, akamaliza soda yake, akapanda basi la kurudi Mpanda, na tangu hapo hawakuzungumza tena. Walisalimiana, hilo walifanya. Wakikutana msibani waliulizana hali za watoto, za wajukuu, za mifugo na za mvua, kwa ukamilifu na kwa zamu, kisha kila mmoja akaenda kukaa upande wake. Sijawahi kuona watu wanaosalimiana vizuri kama wale ndugu wawili, na iliniuma kuwaona.

Kwa hiyo aliponiambia anakwenda Mbeya kuangalia matrekta madogo, nami nilikuwa na safari ya kununua mzigo, nilifuatana naye. Kwenye duka la matrekta alitupokea muuzaji kijana, shati jeupe, maneno kama bomba lililopasuka. Akatuonyesha trekta dogo jekundu. Bwana Shamba alilizunguka, akatoa kamba yake, akapima. Linapita kila geti. Akakaa, akakata kona pale uani, akashuka uso umekunjuka. Nikajua tumelipata.

Muuzaji akaharibu. Akasema, "Na mzee wangu, usilione dogo. Hili linalima. Lina jembe lake hapa, la meno yanayozunguka, unaingia nalo kwenye mpunga bila wasiwasi. Ni jepesi, halizami."

Bwana Shamba aliinama akaanza kukunja kamba yake. Muuzaji akadhani bei imemshinda, akazidi kulisifu trekta. Kadiri alivyolisifu ndivyo mzee alivyosogea mlangoni. Mwisho nilimvuta kijana pembeni nikamweleza kwamba akitaka kuuza, aseme ubaya wake. Hakuelewa, lakini alikuwa na shida ya kuuza, akarudi akasema, "Ila mzee, bila jembe haliwezi kulima hata tuta la mchicha. Na hayo matairi ya bustani, kwenye tope ni bure kabisa." Bwana Shamba akamwomba arudie hayo. Kisha akalinunua, na jembe akaliacha pale pale dukani, pamoja na matairi ya makucha ambayo yangekuja kama nyongeza. Hakutaka kudanganya watu. Alitaka akisema halilimi, liwe halilimi kweli.

Barabara ya kutoka Mbeya inapita Kibaoni. Trekta lilikuwa juu ya Fuso, na sisi tumekaa mbele na dereva. Kabla hatujafika Kibaoni, Bwana Shamba alisimamisha gari akalifunika trekta kwa turubai, akalifunga kila kona. Tulipopita karibu na njia ya kwa kaka yake alitazama mbele tu, mikono juu ya magoti. Dereva akauliza kama kuna mtu wa kusalimia. Akajibu kwamba watu wa hapa wako shambani muda huu. Ilikuwa Jumapili.

Kazi yake ilinyooka. Trekta lilikata nyasi za hospitali mpaka wagonjwa wakawa wanatoka kukaa nje. Akina mama wa mafyekeo hawakufukuzwa, alihakikisha hilo. Waliwekwa kwenye maua na kingo, mahali ambapo mashine haifiki. Na ndugu walikuja, kama ilivyotarajiwa. Wa Kasekese walikuja kumpongeza wakiwa na jogoo. Aliwapeleka uani, akawaonyesha matairi laini, akawaonyesha mahali ambapo jembe halipo, akasema, "Halilimi." Alilisema kwa huzuni ya kweli, kama daktari. Wakalizunguka trekta, mmoja akalipiga teke tairi, wakarudi kwao. Jogoo walimwachia. Alimla kwa amani ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Neno hilo likawa la kwake. Watoto wa mtaani wakimwona anapita juu ya trekta, badala ya kumwamkia walisema halilimi, naye akaitikia marahaba. Mimi nilikuwa namtania kwamba ni mtu pekee Katavi nzima aliyenunua trekta kwa sababu ya yale lisiyoyaweza. Alisema ndivyo watu walivyopaswa kuchagua vitu vyote.

Lakini nilimjua, na mambo yake mengine hayakuwa yanalingana na hilo. Mtu huyu aliyejificha nyuma ya matairi laini alikuwa anagawa miche ya miti bure kwa yeyote aliyesimama kwenye uzio wake. Alikuwa anachukia simu, akisema inaomba kabla mwenye simu hajaomba, lakini hakuizima hata kanisani. Na kila mwaka mvua zilipoanza, alimuuliza kila abiria aliyetoka njia ya Kibaoni kama wa huko wameshaanza kulima. Hakuuliza kwa nani. Alisikiliza majina yanayotajwa mpaka lile alilolitaka litajwe, kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Mwaka jana jina hilo halikutajwa. Badala yake alikuja shemeji yake, mke wa kaka, kuchukua dawa hospitali, akapita dukani kwangu kunisalimia. Alituambia sote wawili, Bwana Shamba akiwa juu ya ndoo yake, kwamba mzee amepigwa na kiharusi, upande wa kulia hauna kazi. Ng'ombe wa kulimia wameuzwa kwa ajili ya matibabu. Vijana wao wako migodini, hawapatikani. Shamba mwaka huu litalala, alisema, na mzee hali chakula, anakaa mlangoni anatazama bondeni. Bwana Shamba aliuliza habari za watoto, za wajukuu na za mifugo iliyobaki. Shemeji alijibu yote, akaaga. Hakuomba kitu.

Wiki zilizofuata Bwana Shamba alikuja dukani akiwa ameshika simu mkononi. Gazeti hakusoma. Mvua zilikuwa zimeanza, nyasi zimeamka, na trekta lake lilikuwa na kazi nyingi, lakini aliliegesha mapema kila siku akaja kukaa. Asubuhi moja aliniomba nimpigie.

"Nikupigie wakati umekaa hapa?"

"Piga tu, Mama Neema. Nataka kujua kama inafanya kazi."

Nikapiga. Simu ikalia mkononi mwake. Aliitazama ikilia mpaka ikakata.

"Inafanya kazi," alisema.

Nilikasirika. Nilimwambia kama anasubiri kaka yake ampigie amwombe, atasubiri mpaka mpunga wa watu wengine uvunwe. Nilisema mengine pia ambayo mtu haambii mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia juu ya goti.

"Ndugu zangu wote wameshaniomba," alisema. "Wengine mpaka viatu. Yeye hajawahi. Hata lile la bluu hakuniomba. Nililipeleka mwenyewe."

Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani ni mmoja wa waombaji, tena mkubwa wao. Nikaanza kupanga vichujio vya oili ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Akasimama, akaniuliza kwa sauti ya mteja wa kawaida kama naweza kumwagizia jembe la trekta lake kutoka Mbeya, lile la meno yanayozunguka, na matairi ya makucha, manne. Nikauliza ya nini, kwa sababu mimi nina mdomo. Akasema bustani ya masista imekuwa na udongo mgumu.

Mara ya mwisho kumwona akiwa kazini ilikuwa Kibaoni, siku ya gulio. Nilikwenda na vipuri vyangu vya mashine za kukoboa, nikamaliza mapema, nikauliza njia ya bondeni. Sikuhitaji kuelekezwa sana. Watu walikuwa wamesimama kwenye tuta, akina mama wenye ndoo, vijana wenye bodaboda zao, wanatazama trekta dogo jekundu linavyokwenda ndani ya maji na tope. Halikuzama. Lilikwenda polepole, makucha yakishika, jembe likichanganya udongo nyuma yake mpaka ukawa laini kama uji. Juu yake Bwana Shamba amekaa mgongo wima, kofia kichwani, tope mpaka kifuani. Yule muuzaji wa Mbeya alisema kweli tupu, na Bwana Shamba alilijua hilo tangu siku ile alipokunja kamba.

Kaka yake alikuwa kwenye kiti cha plastiki mwanzoni mwa shamba, mkono wa kulia umelazwa mapajani, blanketi mabegani. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimsalimia, akaitikia, lakini macho yake hayakutoka kwenye trekta. Sikuthubutu kusema zaidi. Nilisimama hapo nikiwa na hofu, kwa sababu nililijua lile la harusi, na watu walikuwepo wa kutosha kucheka.

Trekta likafika mwisho wa jaruba, likakata kona yake fupi, likarudi mpaka mbele ya kiti. Bwana Shamba akapunguza moto. Wakatazamana. Wakasalimiana, habari za watoto, za wajukuu, za mvua. Kisha kaka mtu akaongea, neno moja moja, mdomo ukimsumbua.

"Walisema hilo la kukata nyasi."

"Ndilo," alijibu Bwana Shamba. "Nakata nyasi, kaka. Leo nimeshusha kisu kidogo."

Hakuna aliyecheka. Kaka mtu aliutazama udongo uliolainika, akatazama jembe, akatazama matairi. Shemeji alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha yule mzee akainua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na kazi, akaunyoosha kuelekea ng'ambo ya mfereji.

"Ukimaliza hapo," alisema, "kule nako kuna nyasi. Naomba."

Bwana Shamba alivua kofia, akaitazama ng'ambo ya mfereji kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sababu. Kisha akaivaa tena.

"Tutaangalia," alisema, akaongeza moto.